Je, wajua? Bima ya viza haikufuati mpaka kwenye barafu

Mtu amekata bima ya safari, ubalozi umeikubali, viza imetoka. Kwa nini basi akivunjika mguu kwenye sleji, kile chombo cha kutelezea kwenye theluji na barafu, aambiwe halipwi kitu?

Swali hili nililikosea kwa miaka. Jamaa yangu alipokuwa akienda Uswisi nilimwambia kwa kujiamini kwamba bima ya ubalozini inatosha. Si imeandikwa yuro 30,000, utazimaliza vipi? Nilidhani kiasi kile ni ahadi ya kulipia lolote litakalompata. Sivyo. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya 2009, kifungu cha 15, inataka bima isiyopungua yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Uswisi ikiwemo), igharimie matibabu ya dharura na kumrudisha kwao mgonjwa au maiti. Michezo haikutajwa. Kwa hiyo bima inaweza kutimiza sharti la viza sawasawa, na bado ukurasa wa tisa, kwa vijiherufi, ukasema michezo ya hatari haimo. Ofisa wa viza anatazama tarehe, nchi na kiasi. Hana habari kwamba unakusudia kulala kifudifudi juu ya sleji ya chuma.

Na wapo wanaokusudia hivyo. St. Moritz, mji wa Uswisi, kuna Cresta Run, njia ya barafu ya mita 1,212 inayojengwa upya kila majira ya baridi. Unashuka kichwa mbele, kidevu karibu kiguse barafu, na breki ni meno ya chuma kwenye ncha za viatu. Wazoefu hupita kilomita 120 kwa saa. Kona iitwayo Shuttlecock ina ukingo mfupi: ukiiingia kwa kasi usiyoimudu, inakutupa nje kwenye theluji na nyasi kavu. Aliyetupwa anakuwa mwanachama wa klabu ya walioanguka hapo, na ana haki ya kuvaa tai yake.

Sasa kampuni ya bima ifanyeje na mtu wa namna hii? Fikiria kikundi cha kufa na kuzikana. Tuseme wasafiri 1,000 wanachanga yuro 40 kila mmoja; mfuko una 40,000. Mmoja anaugua kidole tumbo huko, bili inakuja 25,000, mfuko unahimili. Lakini tuseme kumi kati yao wanaelekea kwenye barafu, na wanajua hivyo tangu siku ya kuchanga. Wawili wakivunjika nyonga, mfuko umekauka. Ukipandisha mchango uwe 80 kwa wote, bibi anayekwenda Munich kumwona mjukuu atauliza, kwa haki, analipia nyonga ya nani. Atahamia kwingine, na wenzake watamfuata. Watakaobaki ni wale wa sleji, nao mchango wao hautoshi kuwatibu wao wenyewe. Ndiyo maana kampuni nyingi huwatoa kwenye mfuko wa wote, kisha huwauzia nyongeza yao.

Kinachonifurahisha ni kwamba mpaka kati ya kinacholipiwa na kisicholipiwa mara nyingi huchorwa kwa jina la mchezo. Kuteleza umekaa kwenye sleji ya mbao na watoto kunaweza kuingia bila nyongeza. Geuka ulale kichwa mbele kwenye njia ya barafu, umekuwa mchezo mwingine. Hata nyongeza ya "michezo ya theluji" huenda ikawa ya skii tu (kuteleza umesimama, mbao ndefu zimefungwa miguuni), tena ndani ya njia zilizowekewa alama. Mikataba haifanani, kwa hiyo hapa siwezi kusema zaidi ya "mara nyingi".

Safari ya pili ya jamaa yangu tulimpigia wakala kabla ya kulipa. Akauliza sleji ni nini. Tukamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na kichwa kinatangulia?" Tukamwomba jibu lake alitume kwa barua pepe, jina la mchezo likiwa limeandikwa.