Babu alianzaje kusahau?

Familia ikiniletea mzee hapa Moshi huanza na neno "anasahau". Mimi nauliza: ilianzaje?

Kuna babu aliyeletwa na bintiye kutoka huko juu migombani. "Daktari, baba anaona watoto ambao hawapo wamekaa sebuleni, anatuambia tuwape chai." Leo anahesabu pesa za kahawa bila kukosea, kesho hajui yuko wapi. Usiku alirusha mateke usingizini. Alitembea kwa hatua fupi, mkono wa kulia umetulia tu ubavuni. Kituo kimoja walishasema ni kichaa, wakampa haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Akakakamaa, hata uji ukawa haumezeki. Hiyo ni demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomomonyoa kumbukumbu na akili, ya aina ya miili ya Lewy (vidonge vya protini vinavyojikusanya kwenye ubongo), na wagonjwa wake dawa kama hiyo zinaweza kuwaua. Kwa hiyo kujua ni demensia ipi si jambo la kujaza faili.

Demensia ya Alzheimer hunyemelea: ya jana yamepotea, ya ujana yapo. Ya mishipa ya damu mara nyingi hushuka kama ngazi, kwa mwenye presha au aliyepata kiharusi. Nyingine huanza na tabia. Mzee wa kanisa anatukana watu hadharani, na kumbukumbu bado anayo. Tabu ni kwamba wazee wengi wana mbili kwa pamoja, na uhakika kamili hupatikana ubongo ukichunguzwa baada ya kifo.

Vipimo navyo vina mtego. Kumwambia bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu achore saa ni kupima shule aliyonyimwa. Nakipenda kipimo cha IDEA, kilichofanyiwa kazi hapo wilayani Hai: ataje wanyama kwa dakika moja, apange njiti nne za kiberiti kwa umbo alioonyeshwa. Hicho hukuambia kuna tatizo, lakini hakikuambii ni lipi. Aina yake utaipata kwa anayeishi naye.

Na kabla ya kusema demensia, naomba sana, tutafute yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Njooni na mfuko wa dawa zote anazokunywa, hata za dukani.

Babu tuliisimamisha ile dawa. Wiki chache baadaye alishika kikombe mwenyewe. Wale watoto bado anawaona, na bintiye humjibu, "Wameshakunywa, baba."