Mnara ukizimika, simu haifi
Wengi hapa Kisumu huamini kwamba pasipo mnara, simu haiwezi kutuma chochote. Kwa SMS na kupiga simu kwa kawaida, ni kweli. Lakini Bluetooth na Wi-Fi za simu zinaweza kuongea moja kwa moja, na kwa programu maalumu ujumbe hupokezanwa simu kwa simu hadi umfikie mwenyewe.

Ugumu hasa ni mwendo. Wavuvi wa Dunga wakisambaa ziwani, njia ambayo ujumbe ulipita asubuhi, simu kwa simu, haipo tena adhuhuri. Ndiyo maana kanuni kama AODV (kanuni ya kutafuta njia ya ujumbe katika mtandao wa vifaa vinavyohama), iliyochapishwa 2003, hutafuta njia nyingine pale ile ya kwanza inapokatika. Pasipokuwa na simu katikati, ujumbe hukwama.

Jaribu: weka simu mbili katika hali ya ndegeni, washa Bluetooth, tuma picha, kisha sogea mbali polepole.