Jahazi hubisha, na kungoja msimu si udhaifu

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayeijua vizuri ramani ya bahari, kwamba jahazi haliwezi kwenda kunakotoka upepo. Ushahidi ni ule ule wa siku zote: wazee walishuka na kaskazi, upepo wa msimu wa kutoka kaskazini, wakapanda na kusi, upepo wa msimu wa kutoka kusini, kwa hiyo walikuwa wakisukumwa tu. Hapana. Jahazi hubisha, yaani hupanda kunakotoka upepo kwa kwenda mshazari. Mashua hubisha. Hata ngalawa yenye tanga lililochakaa hubisha, mradi aliyeshika kana anajua anachofanya. Nimechoka kulisema hili kwa sentensi moja moja, kwa hiyo leo naliandika lote.

Majina kwanza, na kwa haraka. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Mkuku ni ule mti mrefu wa chini kabisa unaoanzia omo hadi tezi. Mataruma, mbavu za chombo, yamesimama juu yake na mbao zimepigiliwa kwenye mataruma. Nyuma kuna usukani, na kana ndiyo mti unaoshikwa kuugeuza. Juu kuna mlingoti. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, imetundikwa kwa kamba nene iitwayo henza, na henza huvutwa kwa kamba ya jarari. Tanga limefungwa kwenye foromali, na ukingo wake wote umeshonewa kamba iitwayo dasi. Ndani, chini, kuna farumi, uzito wa kukiweka chombo kisilale. Anayetaka zaidi ya hapo akashike kwa mikono yake, maana kamba haijulikani kwa kuisoma.

Mimi nataka kufika kwenye joshi na demani, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Joshi ni upande unaotoka upepo. Demani ni upande unaokwenda upepo. Kamba nazo zina majina hayo hayo: ya joshi inashikilia pembe ya mbele ya tanga, ya demani inavuta pembe ya nyuma. Nikisema "watu wote joshi", mgeni huniuliza kama ni kulia au kushoto. Swali hilo halina jibu la kudumu! Kulia na kushoto hukaa na chombo, lakini joshi hukaa na upepo. Tukipindua, yaani tukigeuza chombo ili upepo upige ubavu wa pili, ubavu uliokuwa joshi unakuwa demani papo hapo, na aliyekuwa amekaa mahali pa salama sasa yuko pale ambapo chombo kinalalia. Ndiyo maana nahodha hapigi kelele za kulia na kushoto wakati wa kupindua. Mwenye kujifunza kuuliza "upepo unatoka wapi?" kabla ya kuuliza "tunakwenda wapi?" ameshaanza kuwa baharia.

Sasa tanga. Imani inayozaa makosa yote ni kwamba tanga ni mfuko: upepo unaingia, mfuko unajaa, chombo kinasukumwa. Hiyo ni kweli kwa upepo wa tezi peke yake. Upepo ukitoka ubavuni au mbele kidogo, kazi ni nyingine kabisa. Hewa inakuja kwenye ukingo wa mbele wa tanga, inafuata tumbo lake, inatoka nyuma ikiwa imegeuzwa njia. Tanga limeigeuza hewa, na hewa nayo imelisukuma tanga upande wa pili. Upande wa demani wa kitambaa kanieneo ya hewa hupungua, upande wa joshi huongezeka, na kwa pamoja zinalivuta tanga kuelekea demani na kidogo mbele. Huko "kidogo mbele" ndiko tunakokula.

Kuna maelezo yanayofundishwa sana na ambayo naomba yaachwe: eti hewa inayopita upande uliobinuka ina safari ndefu zaidi, hivyo hukimbia ili ikutane na mwenzake kwenye ukingo wa nyuma kwa wakati mmoja. Tanga ni kitambaa. Pande zake mbili zina urefu uleule, tofauti yake haizidi unene wa uzi. Na moshi ukipitishwa kwenye bawa ndani ya maabara, hewa ya upande uliobinuka hufika nyuma kabla ya mwenzake, haimngoji. Tatizo ni kwamba maelezo sahihi hayana sentensi moja tamu kama hiyo. Wengine huanza na kanieneo, wengine huanza na hewa iliyogeuzwa, na wote wawili wanaeleza kitu kimoja kwa kuingilia milango tofauti. Mimi nafundisha kwa mlango wa hewa iliyogeuzwa kwa sababu mwanafunzi anaweza kuweka mkono nyuma ya tanga akausikia upepo umebadilika njia. Lakini nakiri kwamba nikiulizwa ni kiasi gani cha mvuto huo kinaharibiwa na foromali nene na kamba zilizo mbele ya kitambaa, jibu langu linatoka kwenye mazoea, si kwenye hesabu.

Halafu mkuku. Bila mkuku yote niliyosema hapo juu ni bure, kwa sababu nguvu kubwa ya tanga inakwenda ubavuni. Weka tanga zuri kwenye sahani bapa, litakwenda demani moja kwa moja. Mkuku na ubavu uliozama vinakataa kusogezwa upande, maji yanasukuma nyuma, na kinachobaki baada ya mvutano huo ni mwendo wa mbele. Mkuku hauzuii kuteleza kote. Kila chombo kinachokwenda joshi huteleza kiasi kuelekea demani, na ukitazama mkondo wa povu nyuma ya tezi utauona haulingani na mstari wa mkuku, umekaa mshazari. Hiyo pembe ndiyo kipimo cha kuteleza, nayo ni bure, huhitaji chombo chochote cha kuipimia. Nashangaa jinsi watu wanavyoangalia mbele tu.

Nahodha anayebisha anafanya hivi. Demani imevutwa, foromali imeletwa karibu na mstari wa chombo, hamarawi, kamba ya kuishika foromali, imeizuia isiyumbe. Macho yake hayako kwenye upeo wa bahari, yako kwenye kipande cha kwanza cha kitambaa nyuma ya foromali, sehemu ya chini, karibu na pembe ya joshi. Kipande hicho kikiwa kimetulia, anasogeza omo kuelekea upepo kwa unyoya mmoja. Anasogeza tena. Ghafla kitambaa kinaanza kutetemeka, si kupiga, kutetemeka tu, kama anayeguswa na baridi. Hapo amefika ukingoni. Anageuza kana kidogo, chombo kinaanguka kidogo kwenye demani, tetemeko linakwisha. Anarudi tena. Siku nzima anaishi kwenye upana huo mwembamba. Akiwa mwoga na kukaa mbali na tetemeko, anakwenda mbio lakini hapandi. Akiwa na tamaa na kulala ndani ya tetemeko, omo inatazama pazuri ila chombo kimekufa, na chombo kilichokufa huteleza demani kuliko kinachotembea. Wanaoanza karibu wote wana tamaa.

Hapa ndipo hesabu inapoeleza msimu, na naomba isomwe pole pole. Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda sawasawa kwenye jicho la upepo. Mashua za kisasa za mashindano hubisha kwa pembe ya nyuzi kama 45 hivi kutoka kunakotoka upepo, na zilizo bora zaidi hupunguza hapo. Kwa nyuzi 45, ili kupanda maili 10 kuelekea upepo unatembea maili 14 na kidogo. Kwa nyuzi 60, ambayo kwa jahazi lenye tanga safi na maji matulivu naiona ni kazi nzuri, unatembea maili 20. Ongeza nyuzi 10 za kuteleza: sasa njia yako halisi iko kwenye nyuzi 70, na maili zile 10 zinakugharimu maili 29. Ongeza mawimbi yanayopiga omo, ongeza mkondo wa maji unaosukumwa na msimu wenyewe, na utafika nyuzi 80, ambako maili 10 ni karibu maili 58. Vitabu huandika pembe ya jahazi kana kwamba imechongwa kwenye mlingoti. Jahazi moja, nahodha mmoja, asubuhi na jioni ya siku moja, hutoa pembe mbili tofauti, na tanga ambalo dasi yake imelegea linaiharibu pembe hiyo kabla hata mawimbi hayajaanza.

Kwa hiyo nahodha wa Zanzibar au Lamu aliyetaka kwenda Maskati, zaidi ya maili 1,500 za baharini, aliweza kubisha? Aliweza kuanza. Lakini kwa nini atembee mara tatu ya safari, huku mbao zikifunguka kwa kupigwa na mawimbi, watu wakifua maji usiku kucha na maji ya kunywa yakipungua, wakati akingoja miezi michache upepo ungemgeukia? Kungoja ilikuwa biashara yenye akili. Na kuna ushahidi mwingine ambao wanaosema "walisukumwa tu" hawautaji: kusi linapokolea, Juni na Julai, upepo unatoka tezi kwa anayekwenda Uarabuni, na bado manahodha wengi walikaa bandarini. Waliondoka mwanzo wa kusi au mwisho wake, kwa sababu katikati bahari ni kali mno. Kama tanga lilikuwa mfuko tu na upepo wa nyuma ndiyo heri, wangeondoka wakati upepo ulipokuwa mwingi. Mtu anayechagua sehemu gani ya msimu asafiri si mtu anayesukumwa.

Upepo wa tezi wenyewe nao unasifiwa kupita kiasi. Tuseme upepo una mwendo wa maili 15 kwa saa na chombo kinakimbia nao kwa maili 6. Tanga linausikia upepo wa maili 9 tu, kwa sababu linaukimbia. Nguvu ya upepo hufuata mraba wa mwendo wake, kwa hiyo tanga limebakiwa na kama theluthi moja ya nguvu ambayo lingepata chombo kikiwa kimesimama. Upepo huohuo ukipiga ubavuni, mwendo wa chombo hauupunguzi. Tanga linausikia kama maili 16, ukiwa umesogea kidogo mbele. Ndiyo maana upepo wa ubavuni ndio mtamu, na ndiyo maana abiria hudhani upepo umekata tunapogeuza omo kuufuata. Haujakata. Na kwa upepo wa tezi jahazi huenda mrama, foromali inayumba, na usukani hautaki kutulia. Mimi napenda kuusogeza upepo kidogo ubavuni hata kama safari inaongezeka.

Kuna jambo moja ambalo jahazi ni zito kweli, na pengine ndilo lililozaa imani yote hii: kupindua. Mashua za tanga la nyuma ya mlingoti hupindua kwa joshi. Omo inapita kwenye jicho la upepo, tanga linahamia upande wa pili lenyewe, basi. Jahazi likijaribu hivyo, upepo unaingia mbele ya tanga na kuligandamiza kwenye mlingoti pamoja na foromali yake. Chombo kinasimama, kinaanza kurudi kwa tezi, usukani unafanya kazi kinyume, na kwenye upepo mkali mlingoti unaweza kuvunjika. Kwa hiyo tunapindua kwa demani. Omo inageuzwa kuukimbia upepo, demani inaachiwa, tanga linaruka mbele ya chombo likipepea, foromali inasimamishwa wima na mguu wake unapitishwa upande wa pili, demani inazungushwa kwa mbele ya mlingoti, kamba za kuushikilia mlingoti zinahamishiwa joshi mpya. Mikono mingi, kelele nyingi, na kila mara unapoteza sehemu ya maili ulizozipanda. Ndiyo sababu mlingoti wa jahazi umeinamia mbele. Si kwamba umekaa vibaya, kama wanavyonihurumia wageni. Kwa kuinama hivyo foromali inaning'inia mbali na mti, na inapata nafasi ya kuzunguka.

Nahodha mzuri wa jahazi basi hupindua mara chache. Anachukua mguu mrefu upande mmoja, hata saa kadhaa, akingoja upepo uhame kidogo umfae, ndipo ageuze.

Na kwenye vyombo vidogo kuna njia ya mkato: kutoizungusha foromali kabisa, kuacha tanga lilale juu ya mlingoti upande mbaya na kuendelea na safari. Wanaojua nadharia wanasema ni aibu, kwa sababu mlingoti unalikata tumbo la tanga sehemu mbili. Nimekwenda hivyo mara nyingi kwa miguu mifupi, na siwezi kuapa kwamba naona tofauti kubwa kama wanavyosema. Upepo ukiwa mwepesi, naona chombo kinakuwa kizito na kitambaa kinatetemeka mapema. Upepo ukiwa wa kutosha, naona ninachopoteza kwenye tanga ni kidogo kuliko ninachopoteza kwa kuukimbia upepo na kuzungusha kila kitu. Kinachonitisha mimi ni msuguano: ukipanda kukagua baada ya saa moja, utakuta uzi wa tanga umeanza kulika pale unapougusa mti. Kwa mguu wa nusu saa naacha foromali ilipo. Zaidi ya hapo, watu wote mbele, tunapindua.