Gia Nzito Si Mbio
Tanga, mji wa baiskeli, bado tunaamini anayekanyaga gia nzito ndiye mwenye mbio, na anayetaka kuimarika lazima achoke hoi kila siku. Si kweli. Mwendeshaji wa kujifurahisha huenda kilomita 15 hadi 25 kwa saa kwenye tambarare, wala si aibu.

Kinachokula nguvu ni hewa: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya kuipasua hufika mara 8. Kwa hiyo upepo wa kusi ukikukabili kule Raskazone, pwani ya mji, inama na ukunje viwiko. Gia nyepesi, pedeli zikizunguka mara 80 hivi kwa dakika, huyapunguzia magoti mzigo. Siku nyingi nenda mwendo wa kuweza kupiga soga. Kukazana kutoshe mara moja au mbili kwa wiki. Na tairi zijazwe upepo, jamani, nyingi ni laini mno.