Macheath peke yake si Walpole

Wiki hii tena. Tuko mazoezini, mwigizaji ananiuliza kama Macheath, jambazi ambaye ndiye mhusika mkuu, avalishwe wigi la waziri, "si ndiye Walpole?", yaani waziri aliyetawala siasa za Uingereza miaka ya 1720. Hapana. Nimelijibu swali hili kila mara ninapoishughulikia The Beggar's Opera ya John Gay, tamthilia ya kejeli yenye nyimbo, na leo naliandika.

Ya msingi ni haya: ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Lincoln's Inn Fields, London, Januari 29, 1728, nyimbo 69, nyingi kwa mahadhi yaliyokwisha kuzoeleka mitaani, maonyesho 62 msimu wa kwanza.

Sasa mtafuteni Walpole. Pazia linafunguka, Peachum kakaa na daftari lake. Hupokea mali ya wizi, na mwizi asiyemletea faida humpeleka kitanzini ili alipwe zawadi. Watazamaji walimtambua papo hapo Jonathan Wild, mkuu wa wezi wa London aliyenyongwa Tyburn mwaka 1725. Lakini sikilizeni wimbo wake wa kwanza: mwanasiasa, kwa sababu ni mkubwa, hudhani kazi yake ni halali kama ya Peachum. "Mkubwa" ndivyo wapinzani walivyomwita Walpole! Ndani ya daftari hilohilo yumo mwizi Robin wa Bagshot, kwa jina jingine Bob Booty. Bob ni Robert, na waziri aliitwa Robert. Macheath naye, anayegombaniwa na wanawake wawili, aliwakumbusha watu Walpole na hawara yake, Maria Skerrett. Bado kuna Peachum na Lockit, mkuu wa gereza: wanakabana, kisha wanapatana upesi kwa kuwa kila mmoja anaweza kumnyongesha mwenzake, na Peachum anamwita Lockit ndugu. Walpole naye alikuwa na "ndugu" serikalini: shemeji yake, Townshend.

Ukimvisha Macheath wigi, hao wengine umewaachia huru. Shtaka la Gay ni kwamba ikulu na gereza la Newgate vinaendesha biashara moja.

Kinachonisumbua ni nia yake. Mwaka 1727 alipewa cheo cha kumhudumia binti mfalme mdogo, akakikataa kwa kukiona ni dharau. Siku nyingine naisoma tamthilia yote kama hasira ya mtu aliyedharauliwa; siku nyingine naona anawapenda mno wezi wake kuwa na hasira hiyo. Nimeongoza onyesho la mwisho, Macheath anaposamehewa kitanzi, kwa namna zote mbili, na zote zilisimama.

Wigi nimelirudisha stoo.