Shetani hakumpitia Bruce Banner

"Shetani alinipitia." Katika kazi yangu ya ushauri nasaha nimeisikia kauli hii hadi nimeizoea kama salamu. Mtu kavunja simu ya mkewe, au kampiga mtoto kofi lililoacha alama, au kamporomoshea bosi matusi mbele ya wateja. Siku tatu baadaye yuko mbele yangu, mpole, macho sakafuni, na hilo ndilo neno lake la kwanza. Hakuwa yeye. Kuna kitu kilimwingia, kikafanya kilichofanya, kikaenda zake, yeye akaachiwa vipande vya kuokota. Na Kiswahili chenyewe kinamuunga mkono: hasira inatupanda, hasira inatushika, mori unapanda na kushuka kama maji ya bahari. Katika sentensi zote hizo anayetenda ni hasira. Sisi tunatendwa tu.

Kwa hiyo ninapopokea kundi jipya la watu wanaosumbuliwa na hasira, sianzi na nadharia. Naanza na filamu ya mtu ambaye kwake kisingizio hicho ni kweli tupu: akikasirika, anaondoka yeye na linakuja jitu la kijani linaloshika kifaru cha jeshi kwa mtutu, kukizungusha hewani na kukirusha.

Ninayoitumia ni Hulk ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Ang Lee, Eric Bana akiigiza mwanasayansi Bruce Banner. Najua wengi hawaipendi. Wikendi yake ya kwanza Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 62, na wikendi iliyofuata mapato yakaporomoka kwa karibu asilimia 70. Watu walikwenda kutazama ngumi wakakuta baba na mwana wenye mambo yao ya zamani, kwa saa mbili na ziada. Jitu lenyewe unalisubiri zaidi ya nusu saa. Kwa anayetaka burudani ya Jumamosi, siwezi kuitetea. Kwa kazi yangu, sijaona filamu nyingine ya mashujaa inayoikaribia.

Kwanza, kidogo kuhusu jitu lenyewe. Stan Lee na Jack Kirby walilitoa katika kitabu cha katuni mwezi Mei 1962. Toleo la kwanza lilikuwa la kijivu. Wino wa kijivu ukasumbua mitambo ya uchapaji, rangi ikawa haitulii kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kuanzia toleo la pili likapakwa kijani. Lakini jambo linalonivutia zaidi ni hili: mwanzoni Banner hakugeuka kwa hasira. Aligeuka jua likizama, kama wale watu-mbwamwitu wa hadithi za Ulaya. Hasira ilikuja kushika usukani baadaye, na kipindi cha televisheni kilichoanza mwaka 1977, Bill Bixby akiwa daktari na Lou Ferrigno akiwa jitu, ndicho kilichoipigilia msumari. Yaani waandishi wenyewe walichukua muda kutambua kwamba walichokuwa wanakiandika hakikuhusu usiku.

Mwaka huohuo wa 1962, na hii ni sadfa tu, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Stanley Schachter na Jerome Singer, walichapisha jaribio ambalo kila anayesomea fani yetu analikuta. Waliwadunga watu adrenalini wakiwaambia ni vitamini ya macho. Baadhi waliambiwa ukweli wa kitakachowapata: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka. Wengine hawakuambiwa. Kisha kila mmoja aliwekwa chumbani na mtu aliyepangwa: ama anayefanya mzaha na kurusha ndege za karatasi, ama anayelalamika na kuzidi kukasirika. Wale ambao hawakujua kwa nini moyo unadunda walielekea kuambukizwa hali ya mwenzao. Watafiti waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yanayonyooka hivyo, nami silishiki kama msahafu. Lakini swali lake bado liko mezani kwangu kila wiki: moyo unaodunda peke yake haukuambii umekasirika. Kuna mtu ndani anayeamua kuuita mdundo ule hasira.

Hapo ndipo ninapogombana na filamu iliyofuata, The Incredible Hulk ya mwaka 2008. Banner wa Edward Norton amejificha Rio de Janeiro, anafanya kazi kwenye kiwanda cha soda, na mkononi amevaa kipima mapigo ya moyo. Mapigo yakipanda sana, jitu linakuja. Ni mbinu nzuri ya kumweka mtazamaji roho juu, maana namba unaziona zikipanda. Lakini angalia inakompeleka. Anakutana tena na mpenzi wake Betty baada ya miaka, wanakumbatiana, mambo yanaanza kunoga, na saa inalia. Inabidi waache. Masikini, moyo wake hauna habari kama huyu ni adui au mpenzi; unajua kudunda tu. Ukiufanya mdundo kuwa ndio adui, utaacha kukimbia, utaacha kucheza, utaacha kupenda, na hasira utabaki nayo vilevile. Nimewahi kuwa na mteja aliyeacha hata kutazama mpira kwa mantiki hiyohiyo. Nyumbani waliendelea kumwogopa.

Nisiwe mchoyo lakini. Filamu hiyo ina sehemu fupi ambapo Rickson Gracie, bingwa halisi wa jujitsu, anamfundisha Banner kupumua kwa tumbo na kisha anamzaba kofi ili aone kama somo limeingia. Kupumua kunafanya kazi. Unapotoa pumzi taratibu, neva iitwayo vagasi inaupunguza moyo kasi. Ndiyo maana Waswahili husema mtu ameshusha pumzi wakiwa na maana ametulia. Ninafundisha hivyo: vuta kwa kuhesabu hadi nne, toa kwa kuhesabu hadi nane. Ila hiyo ni breki. Breki haikuambii gari linakwenda wapi wala nani alilitia moto.

Nirudi kwa Ang Lee. Banner wake, kabla ya ajali yoyote, ni mtu gani? Nikiuliza kundi, jibu huja haraka: mpole, mtaratibu, hana neno na mtu. Basi narudisha nyuma. Kuna mtoto mdogo anayepigwa na mwenzake. Halii, harudishi, anatetemeka tu akiwa amesimama palepale. Kuna Betty, ambaye ameachana naye kwa sababu hawezi kumfikia, na bado wanafanya kazi maabara moja kwa adabu inayoumiza kutazama. Halafu nauliza tena: huyu ni mpole au amefunga mlango?

Tofauti hiyo inapimika. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, na nusu yao wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Lakini kinyaa chenyewe hakikupungua, na ishara za mwili, kama jasho la ngozi na kubana kwa mishipa midogo ya damu, zilizidi zile za watu walioachwa wakunje nyuso zao. Kumeza si kuyeyusha. Dukuduku linabaki, na sasa lina kazi ya ziada ya kufichwa.

Kisha inakuja ajali. Mtambo wa mionzi ya gama unaharibika, mwenzake amenasa ndani, na Banner anasimama mbele yake kuipokea mionzi kwa mwili wake. Alipaswa kufa. Badala yake anaamka akijisikia mzima kuliko zamani, na taratibu tunajua sababu: baba yake, mwanasayansi wa jeshi, alijifanyia majaribio mwilini mwake mwenyewe kabla ya kumzaa, na alichokipanda kikarithiwa. Mionzi haikuleta jitu. Jitu lilikuwa na chumba chake humo ndani tangu utotoni. Mionzi ilivunja kitasa tu.

Na chumba chenyewe kipo, kwa maana ya chumba. Katika ndoto za Banner kuna mlango uliofungwa na sauti nyuma yake. Tunaurudia mlango huo mara kadhaa bila kuona kilichomo, tunaona mtoto na vinyago vyake viwili vya kitambaa vyenye masikio marefu, anavichezesha wakati wazazi wanagombana upande wa pili. Karibu na mwisho ndipo unafunguka: baba alikuwa na kisu, alikuwa anamjia mtoto, mama akajitia kati. Mama akafa. Mtoto akasahau. Waandishi wa katuni walikuwa wameshampa Banner baba mkatili tangu toleo la 312 la mwaka 1985, lakini filamu imeubeba mzigo huo hadi katikati ya hadithi. Kabla ya kufika hapo wanakundi wangu hujua neno moja la kumwita Banner, mwenye hasira. Baada ya mlango kufunguka huanza kugawanyika. Mmoja atasema ile si hasira, ni hofu. Mwingine atasema ni msiba ambao haukuliliwa. Mimi hunyamaza, maana hapo ndipo kikao kinapoanza kwenda chenyewe.

Yule Banner ana kauli moja anayomwambia Betty ambayo huwa haikosi kuwagusa: kinachomtisha zaidi si kupoteza udhibiti, bali kwamba anapoupoteza, anapenda. Ujasiri wa kusema hivyo sijaukuta kwenye filamu nyingi. Mtu aliyepitiwa na shetani hana cha kupenda, hakuwepo. Anayekiri kwamba kulikuwa na raha fulani katika kuvunja sahani ameshakiri kwamba alikuwepo.

Jambo jingine ambalo filamu hii imelipata sawasawa ni ukubwa. Jitu la Ang Lee halina kimo kimoja. Lina vimo vitatu, futi 9, futi 12 na futi 15, na linapanda kutoka kimoja hadi kingine kadiri linavyozidi kughadhibishwa. Jenerali Ross, baba yake Betty, halielewi hilo, au hataki kulielewa. Analipiga risasi, linakua. Analipelekea vifaru, helikopta, linakua. Nimewaona wazazi na waume wengi wanaofanya kazi ya Jenerali Ross majumbani mwao kwa moyo mmoja kabisa.

Lakini pia linakua kwa kupiga, na hili watu hubisha. Tumeambiwa hasira ni nyongo, ukiitema utapona. Nenda kapige mto, kapige gunia. Brad Bushman alilijaribu hilo kwa wanafunzi 600 wa chuo na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Waliopiga gunia huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi, na ukali zaidi, kuliko waliokaa kimya dakika zilezile bila kufanya lolote. Kumwaga povu kunachosha mikono tu. Moto unabaki.

Linachofanya jitu likiachwa peke yake ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Baada ya kuruka jangwani maili kwa maili, limetulia, limechuchumaa, na linatazama kuvu kavu iliyoganda juu ya jiwe. Hakuna muziki wa kishindo. Macho makubwa yale yanakitazama kitu kidogo. (Mienendo ya jitu, nyingi yake, aliiigiza Ang Lee mwenyewe akiwa amevaa vazi la vitambuzi, hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka, mtu mtaratibu yule akirukaruka studioni.) Mzee mmoja kwenye kundi la zamani, asiyekuwa msemaji, aliwahi kuniomba nirudishe hapo mara mbili. Sikumuuliza kwa nini.

Kutoka jangwani jitu linafika San Francisco, linavunja barabara, linazingirwa na bunduki kila upande. Betty anashuka, anatembea kuliendea mikono mitupu. Hamwambii atulie. Katika maisha yangu sijamwona mtu mwenye hasira aliyetulia kwa kuambiwa tulia. Anasimama tu mahali ambapo anaonekana, na lile jitu linaanza kupungua, kimo kwa kimo, hadi anabaki mwanamume anayetetemeka akiwa amelowa. Banner anamwambia: umenipata. Betty anajibu hakuwa mgumu kupatikana. Na yeye, kwa sauti ndogo, anakataa: alikuwa mgumu.

Baada ya hapo kuna pambano na baba, usiku, umeme na maji na mawingu, ambalo nimelitazama mara kumi na sijui nani anampiga nani. Kwenye kundi huwa nazima kabla halijaanza. Naacha taa bila kuwasha kwa dakika moja hivi, halafu namuuliza aliyekaa karibu nami yeye anapatikana wapi.