Je, wajua? Ubongo haukopi lehemu kwenye damu

Mwaka 1999 Duane Graveline, daktari wa Marekani aliyewahi kuteuliwa na NASA kuwa mwanaanga, alirudi kutoka matembezini asimtambue mkewe. Wiki chache kabla alikuwa ameanza kumeza atorvastatini, moja ya dawa za statini zinazoshusha lehemu, yaani kolesteroli. Saa kadhaa baadaye akili ikamrudia. Mwaka uliofuata, kwa simulizi yake mwenyewe, aliijaribu tena kwa dozi ndogo, na yakamkuta yale yale.

Dawa ya kulinda moyo inafikaje kwenye kumbukumbu? Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini umebeba karibu robo ya lehemu yote tuliyo nayo. Sehemu kubwa ya lehemu hiyo imezifunika nyuzi za neva, mithili ya plastiki juu ya waya wa umeme. Sasa ukishusha lehemu, si unauchuna waya?

La. Lehemu ya damuni haivuki kuingia ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake. Kipimo cha damu kinaweza kushuka bila ubongo kupungukiwa. Swali linalobaki ni la dawa yenyewe, maana simvastatini, inayoyeyuka kwenye mafuta, hupenya ubongoni kirahisi kuliko statini nyingine, pravastatini.

Mwaka 2012 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza maelezo ya statini yataje usahaulifu na kuchanganyikiwa, ikieleza kuwa kwa kawaida si mzito na huisha dawa ikiachwa. Lakini jaribio kubwa la Uingereza lililohusisha watu 20,536, wengine wakipewa simvastatini na wengine vidonge visivyo na dawa kwa miaka mitano hivi, halikuona tofauti ya akili kati yao.

Ulionivutia zaidi ni utafiti wa 2015. Walioanza statini waliripoti kusahau zaidi ndani ya siku 30 za kwanza kuliko wasiotumia dawa. Mtu mwenye haraka angefunga jalada hapo. Watafiti wakageukia walioanza dawa za lehemu zisizo statini: nao vivyo hivyo! Huenda basi mgonjwa mpya hujichunguza zaidi, na humwona daktari mara nyingi zaidi.

Ukiona unasahau, usiache dawa kimyakimya. Mpe daktari tarehe uliyoanza dawa na siku usahaulifu ulipojitokeza; anaweza kuibadilisha au kuisimamisha kwa muda. Muulize pia kuhusu kipimo cha thairoidi, tezi iliyo shingoni, kwani ikizembea, hupandisha lehemu na kusahaulisha vilevile.